Mama Mwenye Virusi Amnyonyeshe Mtoto au Asimnyonyeshe?

Popote ulipo, Makongeni au Kiandutu, Juja, Ruiru au Githurai, ikiwa unapika, unafua au umempakata mtoto, sogea karibu na redio utusikilize kwa dakika chache.

Leo tunazungumza na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, ambaye ni mjamzito au ana mtoto mchanga. Tunazungumza pia na wale wanaobaki na mtoto mama akienda kazini: shosho, shangazi, msichana wa kazi, jirani, na baba pia. Tafadhali usizime redio ukidhani mambo haya hayakuhusu. Mama akishatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda shambani au kiwandani, anayeamua mtoto atapewa nini saa nne asubuhi ni yule aliyebaki naye nyumbani.

Swali letu ni moja. Mama mwenye virusi amnyonyeshe mtoto au asimnyonyeshe?

Swali hili limewahi kupewa majibu mengi, na hapo ndipo shida ilipo. Mama aliyejifungua miaka ya 1990 aliambiwa hivi, aliyejifungua mwaka wa 2003 akaambiwa vile, na anayejifungua leo anaambiwa tofauti. Wakikutana nyumba moja, shosho na binti yake, kila mmoja ana ushauri wa wakati wake, na mtoto yuko katikati akilia. Wengine hufika mahali pa kusema kwamba madaktari hawajui wanachosema. Basi leo tutatoa jibu, halafu tutaeleza kwa nini limekuwa likibadilika, ili ukiambiwa na mtu jambo lingine ujue la kumjibu.

Jibu ni hili. Katika Kenya ya leo, mama mwenye virusi anashauriwa ameze dawa zake za ARV kila siku na amnyonyeshe mtoto wake. Miezi 6 ya kwanza ampe maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji, bila kitu kingine isipokuwa dawa alizoandikiwa mtoto. Baada ya miezi 6 aanze kumpa chakula laini huku akiendelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Lakini sikia vizuri, mama: titi na kidonge hutembea pamoja. Dawa ndiyo inayoyafanya maziwa yako yawe salama kwa mtoto. Ukiendelea kunyonyesha na ukaacha kidonge, ulinzi umeondoka.

Virusi humfikiaje mtoto?

Kuna nyakati tatu ambazo mtoto anaweza kupata virusi kutoka kwa mama yake: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na wakati wa kunyonya. Kama mama hapati dawa wala msaada wowote, katika kila watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 wataambukizwa. Kati ya hao, 5 hadi 20 huambukizwa kupitia kunyonya.

Tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Hata katika siku zile ambazo hapakuwa na dawa, watoto wengi walionyonyeshwa na mama mwenye virusi hawakuambukizwa. Kuwa na virusi mama hakumaanishi kwamba mtoto tayari anavyo. Mlango upo wazi bado, na kuna mengi ya kufanya.

Kwa nini ushauri umebadilika?

Turudi nyuma kidogo. Kati ya mwaka wa 1992 na 1998, Profesa Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifanya utafiti jijini Nairobi na akina mama 425 wenye virusi. Kwa bahati nasibu, nusu yao walipangiwa kunyonyesha, na nusu nyingine walipangiwa kuwapa watoto maziwa ya kopo. Wote walikuwa watu wenye maji safi ya mfereji. Watoto walipofikisha miaka 2, katika kila 100 wa upande wa kunyonya, karibu 37 walikuwa wameambukizwa. Upande wa kopo walikuwa karibu 21. Hapo mtu angesema: basi kopo limeshinda.

Lakini kulikuwa na hesabu ya pili. Vifo vya watoto katika pande hizo mbili vilikaribiana: 24 katika kila 100 upande wa kunyonya, na 20 katika kila 100 upande wa kopo. Na hawa ni watoto ambao mama zao walikuwa na maji safi na walifundishwa namna ya kutayarisha maziwa. Jambo la tatu ni kwamba katika akina mama 100 waliopangiwa kopo, karibu 30 hawakufuata mpango huo, wakanyonyesha. Mama yeyote wa Kenya anajua ni kwa nini. Mtoto analia usiku, mama mkwe yuko chumba cha pili, na majirani wanauliza mbona huyu hanyonyeshi.

Ndiyo maana katika miaka ile, mama wa kliniki alielezwa njia mbili kisha akaachiwa achague mwenyewe. Aliulizwa kama anaweza kununua maziwa ya kopo bila kukosa, kama ana maji safi na kuni au mafuta ya taa, na kama familia itakubali. Lilikuwa swali gumu. Mama alipewa mizani, huku virusi na huku kuhara, naye akaambiwa apime mwenyewe.

Mwaka wa 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walitoa habari nyingine. Waliwafuatilia watoto wa akina mama wenye virusi hadi miezi 3. Waliopewa maziwa ya mama pekee, karibu 15 katika kila 100 walikuwa na virusi. Waliopewa maziwa ya mama pamoja na maji, uji au maziwa mengine, walikuwa 24. Wataalamu wanaeleza kwamba utumbo wa mtoto mchanga ni mwororo sana. Vyakula vingine na maji machafu huukwaruza na kuutia ugonjwa, na virusi vilivyo katika maziwa hupata pa kuingilia. Kwa hiyo uji ule mwepesi wa mwezi wa pili, ambao wengi wetu tulilishwa kwa mapenzi, ulikuwa unamfungulia adui mlango.

Kisha mwaka wa 2006 mvua kubwa ilinyesha Botswana. Serikali ya huko ilikuwa ikiwapa akina mama wenye virusi maziwa ya kopo bila malipo, tena kwa nia njema. Maji yalipochafuka, ugonjwa wa kuhara ukawashambulia watoto, na wengi waliolazwa na kufa ni wale ambao hawakuwa wakinyonya. Sisi wa Kiambu hatuwezi kusema hayo ni ya mbali. Mlipuko wa kipindupindu ulioenea katika kaunti nyingi za Kenya ulianzia katika kaunti yetu hii mwezi wa Oktoba 2022. Nani wetu anayechota maji Kiandutu mfereji ukikauka, au anayeona Mto Chania ukigeuka mwekundu wakati wa masika, hajui tunayozungumza?

Mabadiliko makubwa yaliletwa na dawa. Huko Kisumu, kuanzia mwaka wa 2003, watafiti waliwapa akina mama wajawazito dawa tatu za ARV na kuendelea nazo hadi miezi 6 baada ya kujifungua, huku wakinyonyesha. Watoto walipofikisha miaka 2, walioambukizwa walikuwa 7 katika kila 100, ukihesabu pia wale walioambukizwa tumboni na wakati wa kuzaliwa. Linganisha na wale 37 wa Nairobi. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa Uganda, Tanzania, Malawi, Afrika Kusini na nchi nyingine, ulichapishwa mwaka wa 2018. Ulionyesha kwamba mama akimeza dawa zake vizuri, wanaoambukizwa kwa kunyonya hawafiki mtoto 1 katika kila 100.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka wa 2010, kisha tena mwaka wa 2016, na Kenya nayo ikafanya hivyo. Hata Marekani, ambako kwa miaka mingi mama mwenye virusi alikatazwa kabisa kunyonyesha, mwongozo ulibadilishwa mwaka wa 2023. Sasa mama huko huzungumza na daktari wake na anaweza kunyonyesha akitaka.

Unaona basi, shosho. Ushauri uliopewa wewe haukuwa uongo. Ulikuwa ushauri wa wakati ambao mama hakuwa na dawa mkononi. Binti yako anayo.

Mama, fanya haya

Kwanza, meza dawa zako kila siku, saa ile ile. Weka kengele kwenye simu, au meza wakati wa taarifa ya habari. Ukisahau, meza mara tu unapokumbuka, kisha uendelee kama kawaida. Ukisafiri kwenda mashambani, beba dawa za kutosha na siku kadhaa za ziada.

Pili, jua kiwango chako cha virusi. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha virusi ni vingi kiasi gani mwilini. Mama mjamzito au anayenyonyesha hupimwa mara nyingi kuliko watu wengine, kwa kawaida kila miezi 6 hadi atakapoacha kunyonyesha. Usiondoke kliniki bila kuuliza, "Sista, majibu yangu ya kiwango cha virusi yako wapi?" Dawa zikifanya kazi vizuri, virusi hupungua hadi kipimo hakivioni. Hapo hatari kwa mtoto huwa ndogo sana, ingawa hatuwezi kusema haipo kabisa. Ndiyo sababu mtoto naye hupewa dawa na kupimwa.

Tatu, mpe mtoto dawa yake ya maji. Kwa kawaida ya kliniki zetu, mtoto huanza na dawa za aina mbili kwa wiki 6 za kwanza, kisha huendelea na nevirapine mpaka wiki 6 baada ya kuacha kunyonya kabisa. Akifikisha wiki 6 huanzishiwa pia septrin. Kipimo cha dawa hubadilika mtoto anapoongeza uzito, kwa hiyo usiendelee na kile cha zamani bila kuuliza.

Nne, mpeleke mtoto apimwe. Kipimo cha kwanza ni wiki 6, kisha miezi 6, kisha miezi 12, na kingine miezi 18. Halafu kuna cha mwisho, wiki 6 baada ya kuacha kunyonya. Akiendelea kunyonya baada ya miezi 18, sista atakuambia arudi lini. Akina mama wengi husikia "hana virusi" kwenye wiki ya 6, wakafurahi, wasirudi tena. Mama, kama mtoto bado ananyonya, safari haijaisha. Na ikiwa atapatikana na virusi, ataanzishiwa dawa mara moja na utaendelea kumnyonyesha. Mtoto mwenye virusi asiyepata dawa yuko katika hatari kubwa ya kufa mapema. Anayepata dawa mapema hukua, huenda shule, na hucheza kama wengine.

Tano, angalia matiti yako na mdomo wa mtoto. Chuchu zikipasuka, titi likivimba na kuwa jekundu, au mtoto akiwa na vidonda au utandu mweupe mdomoni, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Vidonda humrahisishia kirusi njia. Wakati unatibiwa, mnyonyeshe kwa titi lililo zima, na lile linalouma ukamue na kumwaga maziwa yake mpaka lipone. Mara nyingi chuchu hupasuka kwa sababu mtoto hakushika titi vizuri. Mdomo wake ufunguke wazi, ashike na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, si ncha pekee. Mwombe sista akuonyeshe.

Walezi, zamu yenu

Sasa nazungumza na wewe unayebaki na mtoto. Mama ameondoka, na mtoto analia. Unafikiri ana kiu, unampa maji kidogo kwa kijiko. Unafikiri tumbo linamsumbua, unampa maji ya dukani ya kutuliza tumbo. Unaona mwenzake wa jirani ni mnene, unamkorogea uji. Hayo yote unayafanya kwa kumpenda. Lakini mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji, hata jua likiwa kali, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Hili ni kwa watoto wote. Kwa hiyo shosho, huna haja ya kujua kama mama yake ana virusi au hana ili umfuate. Mtoto yeyote, miezi 6, maziwa ya mama pekee.

Mama anayefanya kazi anaweza kukamua maziwa na kuyaacha. Anawe mikono kwa sabuni, akamue kwenye kikombe safi chenye kifuniko kilichooshwa kwa maji ya moto. Katika nyumba yenye joto yasikae zaidi ya saa 4. Kwenye friji yanaweza kukaa hadi siku 4. Yapashe kwa kukiweka kikombe ndani ya maji ya moto, usiyaweke moja kwa moja juu ya jiko. Mnyweshe kwa kikombe kidogo na si kwa chupa ya kunyonya, kwa maana chupa ni ngumu kusafisha. Mama arudipo, amnyonyeshe, na usiku amnyonyeshe mara nyingi apendavyo mtoto.

Na waajiri wasikie pia. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyesha au kukamulia maziwa. Mama, ukiomba mahali pasafi pa kukamulia, unaomba haki.

Na anayechagua maziwa ya kopo?

Wapo akina mama ambao hawatanyonyesha, kwa sababu ya ugonjwa, au dawa hazijafanya kazi, au ni uamuzi wao. Wapo pia watoto ambao mama amefariki na wanalelewa na shosho. Hao hatuwahukumu. Tunasema tu, piga hesabu kamili kabla ya kuanza. Hesabu makopo ya miezi 6, hesabu gesi au makaa ya kuchemsha maji kila mara, mchana na usiku, na hesabu maji yenyewe. Watu wengi huweza kununua makopo ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu pesa zikipungua, wanaongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto anaanza kukonda huku tumbo limejaa.

Ukichagua kopo, fuata vipimo vilivyoandikwa. Chemsha maji, usiyaache zaidi ya nusu saa kabla ya kukorogea, kisha yapooze maziwa kabla ya kumpa mtoto. Tayarisha ya mara moja. Yakishatayarishwa yasipite saa 2, na yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yamwagwe. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayamfai mtoto wa chini ya miezi 6. Na usimchague mtoto kopo kwa sababu ya picha nzuri au zawadi kutoka kwa muuzaji. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inakataza kutangaza maziwa hayo kwa umma.

Maswali ambayo akina mama huuliza

"Mimi nameza dawa vizuri, lakini nilirudi nikakuta mtoto amepewa maji. Sasa niache kunyonyesha?" Hapana, mama. Usiache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2016 unasema wazi kwamba mama anayemeza ARV asiache kunyonyesha kwa sababu mtoto amepewa kitu kingine. Zungumza na mlezi, rudi kwenye maziwa ya mama pekee, na umweleze sista.

"Nimekosa dawa siku kadhaa. Nifanye nini?" Nenda kliniki leo, usingoje tarehe. Useme ukweli, hapo hakuna wa kukugombeza anayekufaa kuliko mtoto wako. Kwa siku chache wakati unatafuta dawa, sista anaweza kukufundisha kukamua maziwa na kuyapasha moto ili kuua virusi. Maziwa huwekwa ndani ya chombo cha kioo, chombo huwekwa ndani ya sufuria yenye maji, na sufuria hutiwa motoni mpaka maji yatokote kwa nguvu. Chombo hutolewa hapo hapo na maziwa huachwa yapoe. Hiyo ni njia ya kukuvusha tu. Dawa ndiyo njia yenyewe.

"Kliniki niliyozoea imehama. Nitapata dawa wapi?" Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, wengi waliingiwa na hofu, na katika hospitali kadhaa huduma za dawa ziliunganishwa na kliniki za wagonjwa wa kawaida. Ukikuta mlango umefungwa, usirudi nyumbani. Uliza mapokezi, iwe ni Hospitali ya Thika Level 5, Hospitali ya Ruiru au zahanati iliyo karibu nawe, huduma imehamia wapi.

"Nilipimwa nikiwa mjamzito sina virusi. Basi niko salama?" Ulikuwa salama siku ile. Mama anayeambukizwa wakati ananyonyesha huwa na virusi vingi sana mwilini katika wiki za kwanza, na hatari kwa mtoto huwa kubwa. Rudia kupimwa kama sista anavyokupangia, na baba naye apimwe. Kama mmoja ana virusi na mwingine hana, kuna kondomu, na kuna dawa ya PrEP ya kumkinga asiyenavyo.

"Naogopa mume wangu na mama mkwe wakijua." Hofu hiyo tunaielewa, na haiondolewi kwa kukemewa. Sheria ya mwaka wa 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inamkataza mhudumu wa afya kutoa siri yako. Uamuzi wa kumwambia nani, na lini, ni wako. Lakini jua kwamba siri ni mzigo mzito kuubeba pamoja na mtoto. Mama anayeficha vidonge ndani ya unga hukosa kumeza siku ambayo wageni wamejaa jikoni. Tafuta hata mtu mmoja wa kukusaidia. Katika kliniki nyingi kuna mama mshauri, ambaye naye anaishi na virusi na amewalea watoto wake. Muulize yeye alianzaje. Mkipenda, mume aitwe kliniki mpimwe pamoja, na mhudumu awasaidie kuzungumza. Na kama nyumbani kuna vitisho au kipigo, mweleze sista hilo kwanza.

Kabla hatujaagana

Tukumbushane, kwa yule aliyefungua redio sasa hivi:

Meza ARV kila siku, uulize majibu ya kiwango cha virusi.

Mpe mtoto maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha chakula pamoja na kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mpe mtoto dawa yake ya maji mpaka kliniki itakaposema basi.

Mpime mtoto wiki 6, miezi 6, miezi 12, miezi 18, na wiki 6 baada ya kuacha kunyonya.

Titi likiuma au dawa zikikatika, nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Mlezi, usimwonjeshe mtoto wa chini ya miezi 6 maji wala uji.

Na wewe baba unayesikiliza ukiwa stendi ya matatu au kazini, umeulizwa machache leo, kwa hiyo chukua hili moja. Mkumbushe mama kidonge chake jioni, na umpe nauli ya kliniki kabla hajaomba. Hizo ni shilingi chache, na kwa mtoto wako ni maisha.

Tuonane wiki ijayo saa kama hii, ambapo tutazungumza juu ya chakula cha kwanza cha mtoto akitimiza miezi 6.